Jumla Zililingana, Lakini Mama Mmoja Hakuwepo

Wiki hii siandiki juu ya viwavijeshi wala bei ya mahindi. Naandika juu ya orodha. Najua orodha si habari tamu, lakini kila mmoja wetu hapa Chapwa ana orodha inayomhusu: ya mbolea ya ruzuku, ya kikundi cha kuweka na kukopa, ya gunia zilizopelekwa ghalani, ya wanaodaiwa dukani. Na wengi wetu tumewahi kuambiwa, "Jina lako halipo." Mimi niliwahi kusababisha mtu aambiwe maneno hayo naye ana haki yake kamili. Ndiyo maana naandika.

Mahindi husema, orodha haisemi

Ukipita shambani Januari ukaona majani ya chini ya mahindi yanageuka njano, njano ikianzia kwenye ncha na kuingia katikati ya jani kama herufi V, huhitaji kumuuliza mtu. Mmea umekosa naitrojeni. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, tunashuku fosforasi. Kingo za majani zikiwa kama zimeunguzwa na moto, tunafikiria potasiamu. Hayo nilifundishwa nikiwa Uyole nasoma stashahada, na shamba limenithibitishia mara nyingi. Mmea ukikosa kitu, husema.

Orodha haisemi. Orodha inaonyesha waliomo tu. Aliyekosekana haachi pengo kwenye karatasi. Baada ya namba 57 inakuja 58, na 59, mistari imenyooka, ukurasa umejaa. Unaweza kuisoma kutoka juu hadi chini mara kumi usione kasoro, kwa sababu unachokitafuta hakimo. Ili umwone aliyekosekana lazima uwe na orodha nyingine ya kuweka pembeni. Jambo hili dogo lilinichukua msimu mzima kulielewa, na gharama yake hakulipa aliyekosea.

Kilichotokea

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku katika uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya. Kazi ya kuandikisha wakulima ikashuka kwetu huku chini, nayo ilitakiwa kwisha kabla ya mvua za Novemba. Mkulima aliyeandikishwa alipata namba, na kwa namba hiyo alinunua mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea kwa shilingi 70,000. Asiye na namba alinunua kwa bei ya soko, ambayo ilikuwa karibu mara mbili. Hivyo namba ile ilikuwa ni kama mfuko mmoja wa bure.

Mtendaji wa mtaa aliandika majina kwa kalamu kwenye daftari kubwa la mistari. Wakulima walikaa kwenye benchi nje ya ofisi, kila mmoja akataja jina, ekari zake na namba ya simu, kisha akaweka sahihi au dole gumba. Mwisho wa zoezi walikuwa 214. Kazi yangu ilikuwa kuyachapa majina hayo kwenye jedwali la kompyuta na kulipeleka mbele.

Nilichapa kwa jioni tatu. Jioni ya mwisho umeme ulikatika, na betri ya kompyuta ile ilikuwa ya kubahatisha, ikazimika palepale. Umeme uliporudi nikafungua jedwali. Chini paliandikwa 205. Nikajua majina tisa ya mwisho hayakuhifadhiwa. Nikachukua daftari lililokuwa wazi mezani, nikachapa tisa ya ukurasa ule, jumla ikafika 214. Daftari 214, jedwali 214. Nikafunga kompyuta nikiwa na amani, nikalala.

Ukurasa uliokuwa wazi mezani haukuwa wenyewe. Upepo au mkono wangu ulikuwa umeurudisha nyuma. Nilichapa mara ya pili watu tisa ambao walishakuwemo, na tisa wengine nikawaacha nje.

Katikati ya Desemba nilikuwa njiani na pikipiki, simu ikaita. Alikuwa wakala wa pembejeo. "Bwana shamba, kuna mama yupo hapa dukani na hela yake ya mifuko miwili. Anasema mlimwandika, lakini namba hana."

Nikamjibu bila hata kushuka kwenye pikipiki: "Atakuwa hakujiandikisha. Orodha yangu imekamilika, 214 kwa 214."

Mama yule alikuwa na shilingi 140,000 kwenye fundo la kitenge, zinatosha DAP mfuko mmoja na Urea mfuko mmoja kwa bei ya ruzuku. Kwa bei ya soko zilitosha mfuko mmoja tu. Akanunua wa kupandia, akarudi nyumbani.

Mwishoni mwa Januari nilipita kwake. Nikamsalimu, "Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana shamba. Karibu uyaone mahindi yako."

Alisema "yako", na nilipofika shambani nikaelewa. Ekari mbili zote zilikuwa njano kuanzia chini, ile V ninayowafundisha kwenye kila mkutano. Jirani yake upande wa pili wa mpaka mahindi yalikuwa ya kijani kizito. Mbelewele zilishaanza kuchungulia, na wakati huo ukiweka Urea unamwaga hela. Akanieleza bila kupandisha sauti: siku gani aliandikwa, alikaa karibu na nani kwenye benchi, wino wa dole gumba ulikuwa wa bluu.

Jioni ile nikaenda kwa mtendaji tukafungua daftari. Alikuwepo. Jina, ekari mbili, dole gumba la bluu. Kwenye jedwali langu hakuwepo. Kesho yake nikarudi kumwambia na kumwomba radhi. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwepo, ila sikuwepo." Msimu ule alivuna gunia tisa, pale ambapo mwaka wa mbolea alizoea kupita ishirini.

Jumla kulingana si ushahidi

Somo la kwanza ni hili, na ukiondoka na hili tu imetosha: jumla mbili zikilingana, hiyo haimaanishi kwamba vilivyomo ni vilevile. Ukiwa na mbuzi kumi asubuhi na kumi jioni, inawezekana mmoja wako amepotea na mmoja wa jirani ameingia zizini. Anayehesabu idadi atalala. Anayewatambua mbuzi wake mmoja mmoja atatoka na tochi.

Nilipowaza namna ya kukagua majina 214 mmoja mmoja, nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi Tunduma mjini, ambaye anajua kuandika programu. Nikamwonyesha orodha. Akacheka. "Bwana shamba, hili ni swali la seti tu. Si mlisoma kidato cha pili?"

Kweli tulisoma. Ile miduara miwili inayopandana, ambayo imepewa jina la John Venn wa Uingereza aliyeiandikia mwaka 1880. Tulichora miduara, tukajibu mtihani, tukasahau. Kumbe kwenye mduara mmoja ungeandika daftari, kwenye mwingine jedwali, na kile kipande cha daftari kilichobaki nje ya jedwali ndipo alipokuwa yule mama.

Kijana akanifundisha lugha ya programu inayoitwa Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Ni ya bure, na kompyuta yetu chakavu iliiweza. Humo unaweza kuweka orodha kama safu ya majina, yaani jina chini ya jina kwa mpangilio wake, au ukaigeuza kuwa seti. Seti haijali mpangilio, na haikubali kitu kimoja kiingie mara mbili. Baada ya kugeuza, mstari unaotafuta waliokosekana ni huu:

hawapo_jedwalini = daftari - jedwali

Ni alama ya kutoa, ileile ya darasa la kwanza. Chukua wote walio daftarini, toa kila aliye jedwalini, wanaobaki ndio niliowaacha. Ningeujua mstari huu mwezi wa kumi, mama yule angevuna.

Kompyuta haijui kwamba huyu na huyu ni mmoja

Lakini haikuwa rahisi hivyo. Kwanza ilinibidi niingize daftari lote upya kwenye kompyuta. Safari hii mtendaji alisoma kwa sauti, mimi nikachapa bila kutazama jedwali la zamani, maana ukinakili orodha moja kutoka nyingine unanakili na makosa yake.

Nilipoendesha mstari ule mara ya kwanza, uliniletea majina 61. Moyo ulipasuka. Watu 61 kati ya 214! Nilipoyasoma nikaona wengi nawafahamu, na mbolea walipata.

Tatizo ni kwamba kompyuta inalinganisha herufi, haimjui mtu. Kwake "SIMKONDA" na "Simkonda" ni watu wawili. Ukiacha nafasi tupu baada ya jina, ambayo jicho haliioni, kwake huyo ni mtu wa tatu. Namba za simu ni hivyohivyo. Mmoja ameandika kuanzia 0, mwingine kuanzia 255, na Excel nayo ukiiachia inaifuta ile 0 ya mwanzo kwa kuwa inaona ni hesabu. Namba moja inaonekana tatu.

Basi tukasafisha. Majina yote yakawa herufi ndogo, nafasi za ziada zikaondolewa, kwenye simu tukabakiza tarakimu tisa za mwisho. Majina 61 yakashuka hadi 23. Hapo ndipo kijana akanifundisha jambo ambalo naona lina thamani kuliko yote: geuza upande.

hawapo_daftarini = jedwali - daftari

Kutoa jedwali kwenye daftari si sawa na kutoa daftari kwenye jedwali, kama vile 10 kutoa 7 si sawa na 7 kutoa 10. Upande huu wa pili ulileta majina 14. Nikaweka karatasi mbili sambamba, ya 23 na ya 14. Siri ikajitokeza. Jina lililokosewa tahajia linaonekana pande zote mbili: upande mmoja kama lilivyo daftarini, upande mwingine kama nilivyolichapa mimi. Aliyekosekana kweli anaonekana upande mmoja tu.

Haya 14 hakuna kompyuta ya kuyamaliza. Yanamhitaji mtu wa hapa. Siame na Siyame. Simkonda na Simukonda. Na lipo jambo ambalo Wanyamwanga mnalijua bila kufundishwa: mwanamume wa ukoo anaitwa Simwinga, dada yake anaitwa Namwinga. Mama mmoja mtendaji alimwandika kwa Na-, mimi nikamchapa kwa Si- kwa kufuata jina la kaka yake aliyekuwa mstari wa juu. Kompyuta ya Dodoma au ya Ulaya haitajua hilo. Tulikaa na mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, tukapatanisha majina 14 moja moja hadi yakaisha. Wakabaki tisa. Na kompyuta ikathibitisha upande wake: jedwali lilikuwa na mistari 214, lakini majina tofauti yalikuwa 205.

Nikaongeza tahadhari moja niliyoigundua kwa bahati. Nilitaka kutumia namba ya simu peke yake badala ya jina, nikidhani ni uhakika zaidi. Kumbe wako mama na wakwe zake wawili wanaotumia simu moja ya kijana wao. Kwa namba ya simu wote watatu wanageuka mtu mmoja, na mmoja wao akikosekana hutamwona kamwe, kwa sababu simu "ipo". Sasa natumia jina na simu kwa pamoja. Wenye namba ya NIDA ni rahisi zaidi, tarakimu 20 na haifanani na ya mtu mwingine, lakini si wote waliokuwa nayo.

Orodha tatu, maswali matatu

Msimu uliofuata, wa 2023/2024, sikusubiri mtu apigiwe simu dukani. Nilikuwa na orodha tatu: daftari la mtaa, jedwali langu, na majina ya wakulima wa kwetu walionunua, ambayo wakala alinisomea kutoka kwenye kitabu chake. Kwanza nikaunganisha zote kupata orodha mama, yaani kila aliyetajwa popote angalau mara moja:

wote = daftari | jedwali | wakala

Kisha nikauliza kila orodha: kati ya hawa wote, nani humjui?

hajaandikwa = wote - daftari
hajachapwa = wote - jedwali
hajanunua = wote - wakala

Usiishie kupata majina. Kukosekana si kitu kimoja. Aliyepo daftarini akakosa jedwalini, kosa ni langu, na dawa yake ni kumchapa leo. Safari hii walikuwa watatu, wakaingizwa mapema. Aliyepo jedwalini bila kuwepo daftarini ni wa kuulizia: huenda amehamia kutoka mtaa mwingine, huenda jina limeingizwa kimakosa. Aliyepo kote kuwili lakini hajanunua hana kosa lolote la karatasi. Huyo ni wa kutembelewa.

Katikati ya Desemba wasionunua walikuwa 38. Nikawafuata kwa pikipiki. Wengine walikuwa wanasubiri kuuza maharage ndipo wapate hela. Wengine walipoteza laini ya simu, na namba ikapotea nayo. Wawili walikuwa na samadi ya kutosha, hawakuhitaji ya kupandia. Mzee mmoja alikuwa mgonjwa na hakuna wa kumtuma. Kwenye karatasi wote 38 walikuwa kitu kimoja, "hajanunua". Nyumbani kwao kila mmoja alikuwa na habari yake. Wa laini tuliwasaidia, wa mzee tukampata mjukuu. Wa hela sikuwa na jibu, na sitadanganya kwamba nilikuwa nalo.

Unaweza kuifanya kwa kalamu

Huhitaji kompyuta kwa orodha ya watu thelathini. Mwekahazina wa kikundi au mwenye duka anaweza kufanya hivi:

1. Andika orodha mama: kila jina au kitu kilichotajwa kwenye orodha yoyote, mara moja tu. Panga kwa herufi ya kwanza, ili wanaofanana wakae karibu.
2. Kubalianeni jina moja la kila mtu. Kama anajulikana kwa "Mama fulani" na pia kwa jina la ukoo, andika yote mstari mmoja.
3. Chora safu pembeni, moja kwa kila orodha uliyonayo.
4. Chukua orodha ya kwanza, weka vyema kwenye safu yake. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aweke alama.
5. Sasa soma mapengo, usisome vyema. Kila pengo liandikie swali lake na jina la atakayelifuatilia.
6. Ukikuta jina lenye vyema viwili ndani ya safu moja, simama. Jina lililorudiwa mara nyingi limekalia nafasi ya mtu mwingine.

Kwa wafanyabiashara wa maharage na mahindi mnaopakia hapa kupeleka Tunduma, mfano wenu ni huu. Mna orodha ya gunia zilizopakiwa, ya zilizopokelewa, na ya zilizolipwa. Zipeni gunia alama au namba, msihesabu idadi tu. Lililopakiwa bila kupokelewa limepotea njiani. Lililopokelewa bila kupakiwa ni la mtu mwingine, mrudishieni kabla hajaja na mgambo. Lililopokelewa bila kulipwa ni deni. Anayelinganisha idadi peke yake anaweza kupokea gunia hamsini, zikiwamo tano za pumba zilizobadilishwa njiani, akasaini kwamba mzigo umefika kamili.

Asiyekuwepo kwenye orodha yoyote

Kuna mtu mmoja ambaye njia hii yote haimpati. Ni yule ambaye hayupo daftarini, hayupo jedwalini, hayupo kwa wakala. Ukiunganisha orodha zote tatu hayumo, kwa hiyo ukitoa chochote hatatokea. Kompyuta itakuambia hakuna aliyekosekana, nayo itakuwa inasema kweli kwa kadiri inavyojua.

Nilimuuliza kijana wa Tunduma dawa ya hao. Akasema, "Hiyo sasa ni kazi ya miguu, bwana shamba."

Tukapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa mtaa, tukiuliza swali moja tu: nani analima hapa karibu ambaye hukumwona kwenye benchi siku ya kuandikishwa? Tukapata kaya sita. Dada aliyeachika akarudi kwa wazazi, anakodi nusu ekari. Alidhani anayekodi haandikishwi. Vijana wawili wanaolima kipande cha baba yao, baba ameandikwa, wao hapana. Bibi mmoja ambaye watu walidhani ameacha kulima, kumbe analima nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana barabarani. Hakuna orodha iliyowajua hawa. Majirani waliwajua.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma hapa ndiyo orodha yangu ya nne. Siku hizi, kabla ya kupeleka majina, tunayasoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa na kuyabandika ukutani ofisini, majina tu, bila namba za simu wala za NIDA. Nawaombeni mambo mawili. Usikae kungoja ujumbe wa simu. Njoo mwenyewe uweke kidole kwenye jina lako, ukiona limekosewa hata herufi moja sema. Na usiondoke kabla hujamtafuta jirani yako.

Yule mama alikuja siku ya kwanza tulipobandika. Hasomi haraka, akapita mstari kwa mstari na kidole, mimi nimesimama pembeni sina la kusema. Akajipata, akagonga jina lake mara mbili kama anayegonga mlango. Kisha hakuondoka. Akaendelea na kidole kushuka chini.

"Mama, si umeshajiona?" nikamuuliza.

"Nimejiona. Namtafuta wa pale juu, mwenye watoto mapacha. Simwoni."

Tukafungua daftari. Hakuwemo. Tukamwandika.

Mwenye swali anikute ofisini Jumatatu asubuhi, siku nyingine niko mashambani. Njoo na orodha zako, zote.